Mashine Yenye Kitambaa Chekundu

Machi 3
Mvua imeanza asubuhi, na kufikia mchana kazi ya kukodisha spika ilikuwa imekufa. Hakuna anayeoa kwenye matope. Wateja wamepiga simu kuahirisha, isipokuwa mmoja aliyeamua kunyamaza tu, kama ilivyo desturi ya watu wasio na haya. Nimezifunika spika kwa maturubai na kuzipanga amplifaya kwenye rafu. Ile kubwa ya kijivu nimeifunga kitambaa chekundu kwenye kitufe cha sauti. Katika karakana hii kitambaa chekundu maana yake ni mgonjwa, usiguse. Inanguruma muda wote, na imeshaunguza spika mbili nzuri. Nitaishughulikia siku nikiwa na hamu.

Baba ametoa tangazo kutoka kitandani. Miguu ilimfia alipopata kiharusi, lakini masikio ni mazima, na kati ya chumba chake na karakana kuna ukuta wa mbao tu. Anasikia hata nikipenga kamasi.

"Mvua ikikatika nitatoa funguo za karakana," amesema.

"Utampa nani, Baba?"

"Nimesema nitatoa."

Tangu nitoke chuo cha ufundi nimeinama juu ya meza hii mpaka shingo imepinda. Mashine zote zilizomo humu zimepita mikononi mwangu. Mteja yeyote akiingia huniita fundi. Baba huniita wewe.

Machi 6
Kaka yangu amerudi nyumbani na begi moja. Sasa naelewa kwa nini Baba hakutaja mtu.

Mtaani wanamwita Radi. Ndiye aliyekuwa mshereheshaji wetu. Mimi nilikuwa nafunga nyaya chini ya meza, yeye anasimama juu ya jukwaa na kuvuta ile "Karibuniii" yake ndefu, na ukumbi mzima unanyanyuka. Watu walikuwa wakikodisha spika zetu ili wampate yeye. Baadaye akaenda zake mjini kutafuta majukwaa makubwa zaidi. Huko koo likaota kinundu. Madaktari wamekitoa kinundu, na sauti imetoka nacho. Sasa anaongea kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria.

Baba alilia alipomwona. Mimi hurudi kutoka sokoni nimelowa chapachapa na haniulizi kama nimepata nyanya.

Machi 7
Mvua. Radi amelala mpaka saa sita.

Machi 11
Ameona video kwenye simu. Eti maji ni gesi mbili zilizoshikana, na sauti yenye nguvu ikipitishwa kwenye amplifaya kisha kwenye maji inaweza kuziachanisha. Tutapikia gesi hiyo, tutaendeshea jenereta, tutasahau kubeba spika migongoni. Anasema yote haya kwa kunong'ona, macho yamemtoka.

Nilimwambia, "Kaka, mtu akiona video ya ng'ombe anaruka, huanza kujenga kiota."

Baba akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta, "Mwache mwenzio! Radi, chukua mashine yoyote unayotaka."

Akachukua ile ya kijivu kwa sababu ndiyo kubwa. Kitambaa chekundu alikifungua akakitumia kubanisha nyaya mbili kwenye mdomo wa chupa. Desturi ya kitambaa niliianzisha mimi baada ya yeye kuondoka, kwa hiyo haijui. Ningeweza kumwambia. Niliendelea kumenya waya. Nilitaka nimwone anavyofuka moshi mbele ya Baba.

Machi 12
Haikufuka moshi. Ametumbukiza vijiko viwili vya chuma kwenye chupa ya maji yenye soda ya kuokea keki, kila kijiko na waya wake kutoka pale zinapochomekwa spika, kushoto; kulia akachomeka spika moja ili tusikie. Akacheza mluzi kwenye simu, akawasha amplifaya. Vijiko vikavaa vipovu. Vipovu vingi, vinapanda mfululizo mpaka maji yakawa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Alinikumbatia. Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu, kidogo nimuunguze sikio.

Sijalala vizuri. Siyo kwa furaha.

Machi 15
Nimeelewa, na nimecheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Leo nimeosha vijiko vyake. Kimoja kinang'aa, kingine kimeliwa, kina rangi ya kutu na kingo zake zimekuwa kama meno ya panya. Kama kweli ingekuwa ni sauti inayofanya kazi, vijiko vyote vingechakaa sawa, maana amplifaya isiyo mbovu hutoa umeme unaokwenda na kurudi, upande huu na upande ule. Mashine hii inavuja. Kuna transista moja ya kushoto, kidude cha kudhibiti umeme, imechoka, na inaachia umeme wa upande mmoja utoke muda wote, kuwe na sauti kusiwe na sauti. Ndio uliounguza spika zangu. Na umeme wa upande mmoja ndio unaogawanya maji. Betri ya gari ingeweza kumfanyia Radi kazi ile ile bila kelele.

Alipokwenda kuoga niliizima simu yake kabisa na kuiacha amplifaya inawaka na mngurumo wake tu. Vipovu vikaendelea kupanda bila wasiwasi wowote.

Yeye hawezi kuligundua hilo, na sababu ni Baba. Tukiwa wadogo Baba alitufundisha sheria moja kwa kutupiga makofi ya kisogo: amplifaya ni ya mwisho kuwasha na ya kwanza kuzima, vinginevyo spika zitapiga kishindo na kupasuka. Kwa hiyo Radi huwasha simu kwanza, mashine mwisho. Akimaliza huzima mashine kwanza, simu mwisho. Hajawahi hata mara moja kuiona mashine ikiwaka bila sauti ya simu. Malezi mema yamempofusha.

Sitamwambia. Mwache apande ngazi, nami nitaishikilia.

Machi 19
Amejaribu mluzi, filimbi, ngoma, kinanda. Kila kitu kinatoa vipovu, bila shaka, hata angecheza kikohozi cha Baba. Lakini leo amepata wazo jipya. Ana rekodi yake ya zamani, ile "Karibuniii", ameivuta na kuiunganisha ijirudierudie. Ameipitisha kwenye maji.

"Unaona?" ananong'ona. "Hii inazidi zote. Tazama, mdogo wangu. Inazidi."

Haizidi. Ameongeza soda tu, na maji yakiwa na soda nyingi hupitisha umeme zaidi. Nikamwambia, "Kweli, inazidi."

Machi 20
Mvua. Karibuniii.

Machi 21
Mvua. Karibuniii. Fundi cherehani wa jirani amekuja kuuliza ni nani anayekaribishwa siku nzima na hafiki.

Machi 23
Amepitisha mrija mdogo wa mpira kutoka kwenye chupa hadi kwenye bakuli la sabuni, gesi ikapanda kama povu. Akachota povu kidogo, akaliweka kiganjani mwangu, akasogeza kiberiti.

Pa!

Mbao za ukuta zilitikisika. Baba aliguna, kisha akaangua kicheko. Sijakisikia kicheko hicho tangu kiharusi. "Radi!" alipiga kelele. "Radi kapiga!"

Na Radi alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka, ananionyesha kidole gumba. Na mimi nilicheka. Naandika ukweli: nilicheka kama mtoto, na nikanyoosha kiganja kwa mara ya pili.

Machi 28
Leo tumekaa mlangoni tukitazama maji yanavyopita barabarani. Ameniambia kwamba mjini, baada ya upasuaji, wenzake walimwekea kiti nyuma ya jukwaa ili "ajisikie bado yumo". Alikaa pale kwenye harusi kadhaa akisikiliza kijana mwingine akiiga Karibuniii yake. Baadaye kiti hakikuwekwa tena, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

"Sasa angalau inafanya kitu," akasema, akimaanisha ile rekodi. "Hata kama ni kwa maji."

Nilifungua mdomo nimwambie. Maneno yalikuwa tayari kabisa: Kaka, mashine ni mbovu. Kisha Baba akaita anataka chai, na nikanyanyuka, na nikashukuru kwa kupata kisingizio.

Aprili 2
Shangazi amekuja kumsalimia kaka yake. Shangazi hukaa kwenye kiti kama jiwe la kusagia na kuuliza yasiyomhusu.

"Na karakana utamwachia nani?" akamuuliza Baba, mlango ukiwa wazi, mimi nikiwa hatua chache tu kutoka hapo na bisibisi mkononi.

"Radi anagundua mambo makubwa humo," Baba akasema.

"Na huyu binti?"

"Huyu ana cheti. Mwenye cheti hakosi pa kwenda."

Shangazi akasema, "Ni kweli. Na Radi masikini hana sauti."

Bisibisi ilichomoka ikanichana kidole. Nimeandika ukurasa huu kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana unaonekana umeandikwa na kuku. Nina cheti, kwa hiyo niondoke. Yeye hana kitu, kwa hiyo apewe kila kitu. Nikikatwa mikono yote miwili labda nitapewa ufunguo mmoja.

Aprili 3
Povu limelipuka mara kadhaa leo. Sikunyoosha kiganja.

Aprili 10
Mvua inapungua. Radi ametangaza kwamba Jumamosi ataonyesha watu. Amewaalika Shangazi, fundi cherehani, na wale wenzake wawili wa mjini, wale wa kiti. Baba atabebwa aje karakanani. Radi amenyoa, amepiga pasi shati la jukwaani lenye vifungo vinavyometa.

"Wewe usimame karibu nami," amenong'ona. "Ndiwe uliyeniamini kwanza."

Ana masikio mabovu kama koo lake.

Aprili 14, Alhamisi
Radi alikwenda kliniki ya koo mchana. Baba alikuwa amelala, au nilidhani amelala.

Nilifikiria kukata waya, nikaona ni kazi ya wahuni. Nilifikiria kumwagia chumvi maji, nikaona ni utoto. Halafu nikaona njia safi kuliko zote, na nikashangaa sikuiona mapema.

Nimeitengeneza.

Nilifungua mfuniko, nikaitoa ile transista iliyochoka, nikaweka mpya niliyokuwa nimeitunza. Nikalehemu upya miguu yote iliyolegea, nikapuliza vumbi, nikasafisha swichi kwa pamba. Nikapima pale zinapochomekwa spika, na mshale wa mita ukalala chini bila kutikisika. Sijawahi kuifanyia mashine yoyote kazi nzuri kama hii. Hata ule mngurumo mzito iliokuwa nao umetoweka. Transista mbovu nimeitupa kwenye droo ya vyuma chakavu, na chupa na vijiko nimevirudisha sentimita kwa sentimita.

Nani anaweza kunilaumu? Mimi ni fundi. Mashine ilikuwa na kitambaa chekundu.

Aprili 16, Jumamosi
Nitaandika yote, na nitajaribu kuyaandika kama yalivyokuwa.

Walikaa kwenye maboksi ya spika. Wale wa mjini walikuja na miwani ya jua siku ya mawingu. Baba aliwekwa kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, amechanwa nywele. Radi alisimama mbele ya meza ndani ya shati lake na kuinamisha kichwa kidogo, vile alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kufungua shughuli. Akawasha simu. Kisha mashine, ya mwisho, kama tulivyolelewa.

Sauti ilitoka. Sikuwa nimeisikia hivyo kwa miaka mingi. Bila mngurumo, bila mikwaruzo, ile Karibuniii ndefu ilijaza chumba na kushuka kwenye vifua vya watu. Shangazi aliweka mkono mdomoni. Mmoja wa wale wa mjini alivua miwani.

Vijiko vilikaa ndani ya maji kama vijiko.

Radi akasubiri. Akaongeza sauti. Akatikisa chupa. Vipovu viwili vitatu vilipanda kutoka chini, vya maji kupata joto tu, kisha basi. Akaongeza soda. Akaongeza tena mpaka ikatuama chini nyeupe. Akachota povu la sabuni, povu tupu, akalisogezea kiberiti. Kikazimika. Akawasha kingine, kikazimika. Kila kijiti alikiweka chini kwa utaratibu kando ya mwenzake.

"Labda maji yamelala," fundi cherehani akasema, na watu wakacheka. Siyo kicheko kibaya. Kicheko cha watu waliokuja kutazama na hawajui watazame nini.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kama alivyoniomba. Nilikuwa naisubiri furaha ije. Ilikuja, siwezi kusema haikuja. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, lakini ilikuja.

Ndipo Baba aliponyanyua kichwa.

"Mngurumo uko wapi?"

Sauti ya Radi ilikuwa bado inatukaribisha.

"Zima hiyo," Baba akasema. Radi akazima mashine, kisha simu. "Nauliza, mngurumo wa mashine hii uko wapi? Nani kaigusa?"

"Mimi, Baba," nikasema. "Ilikuwa mbovu. Nimeitengeneza."

"Lini?"

"Alhamisi."

Radi alinitazama. Hakuwa ameelewa bado. Baba alimwelewesha, mbele ya watu wote, bila kupunguza neno. Alisema mashine ilikuwa inavuja umeme, kwamba huo uvujaji ndio uliokuwa unafanya kazi na sauti haikuwa na lolote. Alisema kile kitambaa alichofungia nyaya ni alama ya ugonjwa, na kila anayefanya kazi humu anaijua.

"Ulijua, Baba?" Radi alinong'ona.

"Kuanzia siku ya kwanza. Mashine mbovu naijua nikiwa nimelala."

Kisha akaingiza mkono chini ya blanketi, akatoa funguo, akazirusha. Zilianguka sakafuni karibu na miguu yangu.

"Chukua. Ulidhani nitampa mtu asiyejua hata kitambaa chekundu ni nini? Zilikuwa zako tangu zamani. Nilimwachia achezee mvua hii moja tu, kwa sababu alikuwa anacheka." Akanitazama kwa muda mrefu. "Sijawahi kusikia mashine safi hivi. Kazi nzuri, fundi."

Miaka yote nimelisubiri neno hilo. Niliinama kuokota funguo ili watu wasinione uso.

Wageni waliondoka wakiaga kwa sauti za chini, kama wanaotoka msibani. Radi aliimwaga chupa nje, akaisuuza, akavikausha vijiko kwa upindo wa shati lake la jukwaani, akavirudisha jikoni.

Aprili 17
Ameondoka asubuhi kabla sijaamka. Kitambaa kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya mashine.

Aprili 21
Jua. Nimefungua karakana kwa ufunguo wangu mwenyewe. Baba hajala.

Aprili 25
Leo nilimuuliza Baba kwa nini hakuniambia kwamba funguo ni zangu. Neno moja tu, la siku moja tu, na ningemwacha Radi apige povu lake mpaka azeeke.

"Ungelegea," akasema. "Mtu akishapewa hulegea."

"Na yale ya cheti, mbele ya Shangazi?"

"Shangazi yako ana mdomo. Na wewe nilijua unasikiliza."

Nilitaka kumchukia. Kilichonitisha ni kwamba nilimwelewa vizuri sana. Anajua kuumiza bila kuacha alama, na mimi ndiye mwanafunzi wake bora.

Mei 2
Harusi ya kwanza ya msimu. Nimeikodisha ile ya kijivu. Imefanya kazi bila kosa usiku kucha, na mwenye harusi amenisifu.

Mei 5
Baba hataki chakula, hataki redio. Leo mchana nilimchezea Karibuniii kwenye ile ya kijivu, kutoka nakala ya rekodi iliyo kwenye simu yangu, nikidhani itamtuliza. Nilifungua sauti kiasi.

"Hiyo siyo," akasema kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Ni Radi, Baba."

"Najua ni Radi. Ule mngurumo. Ule ndio niliokuwa nasinzia nao. Ukianza, najua mwanangu yuko hapo na amekazana na kitu." Kisha akagonga mbao mara moja. "Iharibu tena. Kisha kamwite."

Mei 6
Nimeipata transista mbovu kwenye droo ya vyuma chakavu. Nimeirudisha. Ilinichukua muda mrefu kuliko kuitengeneza, sijui kwa nini, mkono haukutaka. Nikachukua vijiko vile vile jikoni, kile kinachong'aa na kile kilicholiwa. Maji, soda. Nikawasha mashine bila rekodi yoyote. Mngurumo ukarudi, na vipovu vikapanda mpaka maji yakawa meupe. Ng'ambo ya ukuta Baba alivuta pumzi kwa nguvu.

Nikampigia Radi. Sikutegemea apokee, lakini alipokea. Nikamsikia anavyopumua, ule mkwaruzo mdogo wa koo lake. Nilikuwa nimepanga maneno: rudi, Baba hali chakula, rudi ucheze, sitagusa kitu. Hakuna hata moja lililotoka. Nikaisogeza simu kwenye mdomo wa chupa ili asikie mwenyewe, nikaishikilia hapo muda mrefu, mpaka nilipokumbuka kwamba vipovu vile havina sauti ya kufika kwenye simu. Nikairudisha sikioni.

"Kaka?"

"Nimesikia mngurumo," akanong'ona. "Umeirudisha ilivyokuwa."

"Ndiyo."

"Basi funga kile kitambaa, mdogo wangu," akasema, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Mtu asije akaichukua tena bila kujua."

Akakata simu. Nimekifunga.